Kamera Inayojua Kusimama

Mpiga picha anayetafuta kamera ya mivukuto kwa kazi ya kidijitali huonyeshwa kwanza ukubwa wa mijongeo yake: fremu ya mbele inapanda kiasi gani, inashuka kiasi gani, inainama nyuzi ngapi. Namba hizo zilikuwa na uzito enzi za filamu. Kwa kihisi cha leo mimi naanzia kwingine. Kamera hii ikiambiwa isimame sambamba, inasimama kweli? Na nikiinamisha lenzi nyuzi mbili na nusu, nikaenda kupanga taa na kurudi, nitaikuta pale pale nilipoiacha? Ziko kamera nyingi zenye mijongeo mikubwa zisizoweza kujibu swali hilo, na ziko chache zenye mijongeo midogo zinazolijibu bila kusita. Hizo chache ndizo ninazotaka kuzisifu hapa, pamoja na mafundi waliozitengeneza.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, kamera ya mivukuto ni fremu mbili juu ya reli moja. Ya mbele inabeba lenzi, ya nyuma inabeba filamu au kihisi, na kati yake umetandazwa mvukuto wa ngozi au kitambaa kizito usiopitisha mwanga. Kamera nyingine karibu zote zimefunga lenzi na kihisi vitazamane daima, kitovu kwa kitovu. Hii imeviacha huru. Unaweza kupandisha lenzi bila kuinua kamera, ukaisogeza kando, ukaiinamisha mbele au nyuma, ukaigeuza kushoto au kulia, na fremu ya nyuma vivyo hivyo. Uhuru huo ndio uzuri wake, na ndio pia unaompa kazi mtengenezaji, kwa kuwa kiungo kinachoweza kusogea kwa kupenda kwako kinaweza kusogea bila kupenda kwako.

Faida ya kupandisha lenzi inaonekana upesi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Njia ni nyembamba, nyumba ni ndefu, na mpiga picha hana pa kurudi nyuma. Akielekeza kamera ya kawaida juu ili apate paa, kuta zinaanza kukaribiana kuelekea juu na nyumba inaonekana kuanguka chali. Sababu ni moja: kihisi kimeacha kuwa sambamba na ukuta. Kwa kamera ya mivukuto unakiacha kihisi kiwe wima, umekipima kwa pimamaji kama mwashi anavyopima ukuta wake kwa timazi, kisha unapandisha lenzi peke yake.

Hesabu yake inapendeza kuifuatilia. Lenzi ya Rodenstock HR Digaron-W ya milimita 40 inatoa duara la picha lenye kipenyo cha milimita 90. Weka nyuma yake kihisi cha milimita 53.4 kwa 40, upande mrefu ukiwa wima, usimame mita 8 kutoka ukutani. Lenzi ikiwa katikati, picha inafika mita 5.3 juu ya usawa wa lenzi. Ipandishe milimita 13, ambazo ni karibu na ukingo wa duara lile, na picha inafika mita 7.9. Umepata zaidi ya mita mbili na nusu za ukuta, pamoja na roshani na madirisha yake, kwa kuzungusha kifundo kimoja, na mistari yote ya wima imebaki wima.

Picha ya namna hiyo ina kazi kubwa kuliko kupendeza macho. Kihisi kikiwa sambamba na uso wa jengo, uwiano wa vitu vilivyo katika uso ule unabaki kama ulivyo: upana wa mlango kwa urefu wake, nafasi kati ya nguzo na nguzo. Kukiwa na kipimo kimoja kinachojulikana ndani ya picha, vingine vyote vya uso ule vinaweza kupatikana kwa rula. Huko huko Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Jengo likishaanguka, kila picha iliyopigwa kwa nidhamu hii inageuka kuwa hati. Wapiga picha wa Kigoa wa Zanzibar wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walifanya kazi katika zama ambazo kamera kubwa ya mivukuto ilikuwa chombo cha kawaida cha studio, na ndiyo maana picha nyingi za majengo za wakati ule zina utulivu ambao simu ya leo haiwezi kuutoa.

Kuinamisha lenzi kunahitaji subira zaidi. Mwaka 1904 Theodor Scheimpflug, kapteni wa Austria aliyekuwa akitafuta njia ya kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani ili zitumike kuchora ramani, alisajili hataza yake Uingereza. Ndani yake imo kanuni inayoitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa yeye mwenyewe alimtaja Mfaransa Jules Carpentier, aliyeligusa jambo hilo katika hataza ya mwaka 1901. Kanuni yenyewe ni hii: bapa la kihisi, bapa la lenzi na bapa la kitu unachokipiga picha yakikutana katika mstari mmoja, bapa lote la kitu hicho litakuwa katika fokasi, kutoka karibu na miguu yako hadi kwenye upeo. Sakafu yote ya msikiti, meza nzima ya vyakula, ufuo wote wakati wa maji kupwa, kwa tundu la lenzi lililo wazi kiasi.

Mkanada Harold Merklinger alikuja baadaye kuongeza kipande ambacho, kwa maoni yangu, kina manufaa zaidi kwa anayesimama nyuma ya kamera. Lenzi ikiinamishwa, bapa la fokasi linakuwa na bawaba: mstari ulio katika umbali fulani kutoka kwenye lenzi, na ukizungusha fokasi bapa linageuka juu ya mstari huo. Umbali huo unapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kwa saini (sine) ya pembe uliyoinamisha. Kwa hiyo ukitaka sakafu yote iwe katika fokasi, na lenzi yako ipo mita 1.5 juu yake, bawaba inatakiwa ikae sakafuni, mita 1.5 chini ya lenzi, na pembe inajitokeza yenyewe. Lenzi ya milimita 150, iliyokuwa ya kawaida kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, inahitaji nyuzi 5.7. Lenzi ya milimita 70, inayoona karibu vile vile kwenye kihisi cha milimita 53 kwa 40, inahitaji nyuzi 2.7. Ya milimita 45 kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 inahitaji nyuzi 1.7 tu.

Hapo ndipo kiini cha habari kilipo. Kihisi kinavyozidi kuwa kidogo, lenzi inakuwa fupi, na pembe zinakuwa ndogo mno. Kamera inayojivunia kuinama nyuzi 40 inajivunia kitu ambacho hutakitumia kamwe kwa picha ya sakafu ile. Unachohitaji ni kuiweka kwenye 1.7, isiwe 1.2 wala 2.2. Kosea nusu nyuzi kwa lenzi ya milimita 150 na bawaba itapanda sentimita 12 hivi. Kosea nusu nyuzi ile ile kwa lenzi ya milimita 45 na itapanda sentimita 34. Bapa lako limeachana na sakafu na sasa linapita hewani kwenye magoti ya watu.

Zamani kosa kama hilo lilikuwa na mahali pa kujificha, yaani tundu dogo la lenzi. Mwaka 1932 huko California, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliunda kundi wakaliita Group f/64, kwa jina la tundu dogo sana lililowapa ukali wa picha kutoka mbele hadi nyuma. Wengi wao walitumia negativu za inchi 8 kwa 10 na kuzichapa kwa kuzigusisha na karatasi, bila kukuza. Mwanga ukipita kwenye tundu la f/64 hutawanyika, na nukta moja inakuwa doa la milimita 0.086 hivi. Kwenye karatasi isiyokuzwa jicho halisumbuki nalo. Lakini kihisi cha megapikseli 150 kina pikseli za mikromita 3.76, na doa lile lingefunika pikseli 23 kwa upana. Hata f/11 inatoa doa la mikromita 15, pikseli nne. Ndiyo sababu anayetumia vihisi hivi hufanya kazi kati ya f/5.6 na f/11, na akiteremka hadi f/22 anatupa nusu ya kile alichokinunua.

Basi kimbilio la tundu dogo limefungwa, na kwa wakati huo huo nafasi ya kukosea imebanwa. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5 kwenye f/22, ukiruhusu doa la milimita 0.1, filamu ingeweza kukaa milimita 2.2 mbele au nyuma ya mahali pake halisi na usingelalamika. Filamu yenyewe haikuwa bapa kamili. Ilijipinda kidogo ndani ya kishikio chake, hasa kwenye joto, na kujipinda huko kulificha kasoro za kamera. Kihisi ni bapa. Kwenye f/8, ukiruhusu doa la pikseli mbili, nafasi inabaki milimita 0.06 kila upande, pungufu ya unene wa karatasi ya ofisini. Kihisi cha upana wa milimita 53 kikienda upande kwa nyuzi 0.13, ukingo wake mmoja tayari umetoka nje ya nafasi hiyo na ukingo wa pili pia, kwa upande wake. Unaona ukuta mkali kushoto, laini kulia, na unailaumu lenzi ambayo haina hatia.

Ndiyo maana nazipenda kamera za gia. Ya kwanza kunishawishi kwa mikono kabla ya hoja ni Sinar p. Sinar ni kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Carl Koch wa Schaffhausen, mpiga picha aliyetaka kamera iliyojengwa kwa vipande vinavyobadilishana: reli, fremu, mivukuto, vyote vya kipimo kimoja, ili kamera ikue na kupungua kulingana na kazi. Mwaka 1970 ilitoka p, na katika miaka ya 1980 ikafuata p2. Kila mjongeo unaendeshwa na gia inayojikaba yenyewe. Kifundo kinazunguka kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukikiachia, hakirudi na hakitelezi, na hakuna skrubu ya pili ya kukaza, ile ambayo kwenye kamera nyingine inasogeza fremu kidogo kila unapoikaza. Katikati ya kila kipimo ipo sifuri ambayo kidole kinaihisi kabla jicho halijaisoma.

Itazame kazini. Ubao wa nakshi, ule wa juu ya mlango, umelazwa mezani, na kamera inautazama kutoka ncha moja kuelekea nyingine. Kwenye kioo cha nyuma, kile chenye ukungu ambacho picha inatua juu chini, imechorwa mistari ya nukta inayoonyesha mihimili ilipo. Mihimili ya kamera hii imewekwa nje ya kitovu kwa makusudi. Mpiga picha anachagua ua moja la nakshi linaloangukia kwenye mstari, analiweka katika fokasi. Kisha anazungusha kifundo cha kuinamisha fremu ya nyuma, na lile ua la kwanza halitetereki, kwa sababu mhimili unapita hapo hapo, huku ua la ncha ya mbali likikusanyika taratibu kutoka kwenye ukungu hadi kila mkato wa patasi uonekane. Anasoma pembe iliyoandikwa pembeni. Anairudisha fremu ya nyuma kwenye sifuri, na ile pembe anaipeleka kwenye fremu ya mbele, kwa mwelekeo wa kinyume. Anagusa fokasi kidogo. Umbo la ubao limebaki la kweli, kwa kuwa kihisi au filamu imerudi mahali pake, na ubao wote ni mkali. Jambo ambalo kwa kamera nyingine ni kubahatisha, kuinamisha na kurekebisha na kuinamisha tena, limekuwa kipimo kimoja kilichosomwa na kuhamishwa. Aliyelifikiria hilo alikuwa amesimama chini ya kitambaa cheusi kwa miaka.

Kuna ustadi mwingine katika kamera hizi usioonekana mpaka ukosekane. Studioni mara nyingi kamera inatazama chini, na mpiga picha anahitaji kuinamisha na kugeuza kwa pamoja. Mhimili wa kugeuza ukiwa chini ya mhimili wa kuinamisha, fremu iliyokwisha kuinama ikigeuzwa inakwenda mshazari, bapa la fokasi linapinda, na inabidi kurudia kuinamisha, kisha kugeuza upya. Mhimili wa kugeuza ukiwekwa juu ya ule wa kuinamisha, tatizo linaondoka. Ni mpangilio tu wa kipi kikae juu ya kipi, lakini unaokoa saa nzima ya kazi ya meza ya vito au vyombo.

Sinar si peke yake. Linhof wa Munich, kampuni ya tangu 1887, walitengeneza M679 yenye gia kwa ajili ya vihisi na filamu ndogo kuliko inchi 4 kwa 5, na kwa kazi ya kidijitali ya studio sijui chombo kilicho imara zaidi. Arca-Swiss, waliozaliwa Zurich na sasa wako Besançon, Ufaransa, wana mfumo wanaouita Orbix unaoinamisha lenzi kwenye tao la gia lililokokotolewa ili mhimili upite kwenye lenzi yenyewe, hivyo ukiinamisha picha haikimbii. Cambo wa Uholanzi walileta Actus mwaka 2014, kamera ndogo ambayo nyuma yake inapokea mwili wa kamera ya kawaida isiyo na kioo cha ndani. Actus inampa mtu mlango wa kuingilia bila kununua kihisi cha bei ya gari. Mijongeo yake ni mifupi, na kwa lenzi fupi mijongeo mifupi inatosha.

Kamera za mbao nazipenda kwa moyo wote. Deardorff ya Chicago, ya mahogani na shaba, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1923, ni moja ya vyombo vizuri zaidi vilivyowahi kubebwa begani. Kwa filamu bado ningeichagua. Lakini mbao hunywa unyevu na kuutoa, na kwenye hewa ya pwani fremu ya asubuhi si fremu ya saa nane mchana. Kwa nafasi ya milimita 0.06 hilo halivumiliki.

Usambamba wa kamera unaweza kupimwa bila maabara, kwa vioo viwili vya kujitazamia. Kimoja kinabanwa kwenye fremu ya nyuma, kikitazama mbele. Cha pili, kilichotobolewa tundu dogo katikati, au kukwanguliwa rangi yake ya nyuma hapo katikati, kinabanwa kwenye fremu ya mbele kikitazama nyuma. Unachungulia kwenye tundu. Vioo vinapeana taswira, ndani ya taswira kuna taswira, na matundu yanajipanga katika safu inayoingia ndani. Fremu zikiwa zimepishana hata kidogo, safu inapinda na kukimbilia upande mmoja. Zikiwa sambamba kweli, kila tundu linakaa ndani ya jingine, duara ndani ya duara. Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba kila taswira inaongeza kosa juu ya kosa, kwa hiyo pembe ndogo isiyosomeka kwenye kipimo cha kamera inaonekana wazi kwenye taswira ya sita au ya saba. Geuza kifundo, rudisha sifuri, chungulia tena. Fanya hivyo mara kadhaa. Kamera ambayo sifuri yake inarudi mahali tofauti kila mara haina sifuri, hata kama imeandikwa kwa rangi nyekundu.

Kipimo cha pili ni cha gia. Unganisha kihisi na kompyuta, kuza picha hai, ile inayoonekana kwenye skrini kabla ya kupiga, hadi pikseli zionekane, elekeza kwenye gazeti lililobandikwa ukutani, kisha zungusha kifundo kidogo kulia na kidogo kushoto. Gia inayocheza itakuonyesha: kifundo kinazunguka na herufi hazisogei, halafu zinaruka ghafla. Halafu fungua tundu lote la lenzi na upige gazeti lile likiwa limejaza picha, na ulinganishe pembe nne. Picha hai kwa hili ni neema. Kioo chenye ukungu bado nakipendelea kwa kupanga picha, kwa sababu ile taswira iliyogeuka juu chini inalazimisha jicho kuona maumbo kabla ya kuona vitu, lakini kwa kuamua fokasi ya pikseli za mikromita nne hakuna kikuza kinachotosha.

Lenzi zina masharti yao. Lenzi fupi inataka fremu mbili zikaribiane sana, na mvukuto uliokunjwa wa kawaida unakataa: unabana, unasukuma, na wakati mwingine ndio unaopindisha fremu uliyohangaika kuinyoosha. Kwa hiyo unahitajika mvukuto laini wa mfuko, na mara nyingi bao la lenzi lililozama ndani. Kamera kubwa ya inchi 4 kwa 5 inaweza kushindwa kabisa kuifikisha lenzi ya milimita 35 mahali pake, na hiyo ndiyo sababu Sinar walitengeneza p3, ambayo ni wazo lile lile la p2 katika umbo dogo. Lenzi nyingi za enzi ya filamu, hata zenye sifa, hazina ukali wa kulisha pikseli ndogo kiasi hiki. Tena lenzi pana za muundo wa zamani zinapeleka mwanga kwenye kingo za kihisi kwa mshazari mkali, na kihisi kinalipa kwa rangi: upande mmoja unaingia waridi, mwingine kijani. Dawa yake ni kupiga picha ya pili kupitia bao jeupe linalopitisha mwanga, lenzi ikiwa pale pale iliposogezwa, kisha programu inatumia picha hiyo kusafisha ya kwanza. Ni hatua ya kuchosha jua linapozama na mwanga unabadilika, lakini haikwepeki kwa lenzi hizo.

Jambo moja zaidi kuhusu fremu ya nyuma. Kamera inayosogeza kihisi huku lenzi ikibaki imesimama inakuwezesha kupiga vipande viwili au vitatu vya picha na kuviunganisha bila mshono, kwa kuwa jicho la kamera halikuhama. Kusogeza lenzi badala ya kihisi kunahamisha mahali pa kutazamia, na nguzo ya karibu haitalingana na ukuta wa nyuma yake.

Wapo watakaosema kazi yote hii sasa inafanywa na programu. Kwa sehemu wanasema kweli. Programu inanyoosha ukuta ulioegemea, lakini inanyoosha kwa kuvuta sehemu ya juu ya picha, kule ambako pikseli zilikuwa chache tayari, na nakshi za juu ndizo zinazopoteza. Programu inaunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti kuwa moja yenye ukali kila mahali, na kwa pete juu ya meza au mdudu aliyekaushwa hiyo ni njia bora kuliko kuinamisha, naikubali bila ubishi. Kwa minazi yenye upepo, pazia la dirishani, au ngalawa zinazoyumba kwenye nanga, kila picha inakuta jani na tanga mahali pengine. Kuinamisha kunakupa vyote kwa mfunguo mmoja. Kuna mpaka wake pia. Eneo la ukali linakuwa kabari, nyembamba karibu na bawaba na nene kwa mbali, kwa hiyo kitu kirefu kilichosimama karibu nawe juu ya sakafu ile kitakuwa na miguu mikali na kichwa laini. Hapo hakuna kamera itakayokusaidia, ila macho yako kuamua ni bapa lipi la picha lina maana.

Kwa anayepiga vyombo, nguo, vitabu vya kale au kazi za sanaa studioni, ushauri wangu ni atafute p2 au M679 iliyokwishatumika. Studio nyingi ziliziuza filamu ilipopungua, na bei yake leo haifanani kabisa na kazi iliyomo ndani ya chuma chake. Kwa anayepiga majengo na kutembea, Actus au Arca ndogo inatosha, na fedha inayobaki iende kwenye lenzi moja nzuri yenye duara kubwa la picha. Asiyehitaji zaidi ya kunyoosha ukuta na kuinamisha kidogo ataridhika na lenzi moja ya kuinama na kusogea kwenye kamera yake ndogo, aina ambayo Canon waliianza na TS ya milimita 35 mwaka 1973.

Unapokwenda kununua, chukua vioo vyako viwili, gazeti, kompyuta na kihisi chako mwenyewe. Pima sifuri mvukuto ukiwa umebanwa, kisha ukiwa umevutwa. Pima kamera ikitazama mbele, halafu ikitazama chini kwa nyuzi 45, maana fremu nyingi zinazosimama vizuri kwenye usawa zinalegea zikielekezwa mezani. Kihisi kiwe kimepachikwa nyuma muda wote huo, kwa kuwa uzito wake ndio fremu itakaoubeba kila siku ya kazi.